Mdhamini wa Wodi Namba Nne

Sehemu ya tisa

Maneno kwenye kioo cha kompyuta yalikuwa mekundu kama kidonda.

"Namba hii ya leseni imeshatumika kuwasilisha ombi."

Hapo ndipo nilipowaacha Jumamosi iliyopita, nanyi hamkuniacha. Mmoja alinishika mkono sokoni akitaka kujua mwizi ni nani. Mwingine alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Mzee Plasta, yule mwenye duka ndiye!" Tulieni. Leo mwizi mnampata, na mkishampata sijui kama mtanisalimia tena.

Kwa wewe uliyelikuta gazeti hili limefungiwa misumari, nakupa mawili matatu. Mimi ni fundi mwashi. Shule niliishia darasa la nne. Ni mgane mwaka wa sita huu. Mke wangu alifia hospitali kubwa ya hapa kwetu, na waliomfisha bado wanapanda magari yenye viyoyozi. Nina binti mmoja, muuguzi wa vyeti, miaka mitatu nyumbani bila ajira. Mtaani wanamwita Nesi Bila Wodi. Wanacheka. Na yeye hucheka nao, kisha anaingia ndani.

Hospitali ileile ikatangaza nafasi saba za uuguzi. Kuomba ni mtandaoni tu, barua ya mkono haipokelewi. Mwombaji awe chini ya miaka thelathini. Mwisho wa kutuma, leo saa kumi kamili alasiri.

Binti yangu anatimiza thelathini baada ya siku kumi na moja. Akikosa leo, kakosa moja kwa moja.

Saa ya ukutani dukani kwa Mama Printa, mtoa nakala wa mtaa, ilisema saa nane na robo.

"Nimeibiwa!" Binti alisimama, kiti kikaanguka. "Mtu katumia leseni yangu! Mama Printa, vyeti vyangu sitoi nakala popote isipokuwa hapa kwako!"

"Mimi?" Mama Printa akashika kifua.

"Nani mwingine? Hiyo mashine yako inabaki na kila kitu. Umempa nani karatasi zangu?"

Mama Printa ni mwanamke wa maneno mengi. Akikutolea nakala ya ukurasa mmoja, anakupa habari za mtaa mzima. Lakini siku ile alinyamaza. Alinitazama mimi. Akatazama chini. Akanitazama tena.

Nami nikatazama kalenda.

"Sema!" binti akapiga meza. "Ulimuuzia nani?"

"Mwanangu, mimi sijauza..."

"Naenda polisi. Naenda sasa hivi."

Akashika mlango. Hapo sauti ikanitoka, kavu, kama mwiko unaokwangua ukuta.

"Usiende. Ni mimi."

Akageuka polepole.

"Wewe nini, baba?"

"Niliyetuma ni mimi."

* * *

Sikieni ilivyokuwa, mnihukumu mkiwa mnajua.

Siku kumi na tisa kabla, nilikwenda kupiga chokaa ukuta wa nyumba jirani na hospitali. Nikaona tangazo getini. Mlinzi akaniambia, "Mzee, hawa wanachukua wa kwanza wa kwanza. Ukichelewa, umekwisha." Mlinzi huyo hata tangazo lenyewe hakulisoma. Lakini mtu mwenye njaa haulizi mpishi kasoma wapi.

Binti hakuwepo. Alikuwa zahanati, anakojitolea bila mshahara. Tena alikuwa ameniambia, "Baba, nangoja leseni mpya. Ile ya zamani imekwisha muda. Nikituma na iliyokwisha, wanatupa ombi bila kulisoma." Leseni mpya ilikuwa imelala mezani kwa mkubwa fulani anayengoja kusaini. Nikawaza, huyo mkubwa atasaini mwanangu akiwa bibi kizee. Leseni ni leseni. Ina picha yake, ina mhuri.

Nikachukua bahasha ya vyeti chini ya godoro. Nikaja kwa Mama Printa. Yeye akauliza, mimi nikajibu, yeye akaandika. Nilitaka iwe zawadi. Nilitaka siku moja aitwe kazini, aniulize, "Baba, wamenijuaje?" nami nitabasamu tu.

Tulipobonyeza kutuma, mtandao ukakatika. Kioo kikawa cheupe. Mama Printa akasema haikwenda. Nikamwapisha asimwambie mtu, nikarudisha bahasha chini ya godoro.

Kumbe ilikwenda.

* * *

"Fungua," binti alisema. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Mama Printa, fungua hilo ombi nione mmeandika nini."

"Neno la siri sijui kama..."

"Mama!"

"Basi, basi. Wateja wangu wote nawawekea moja." Akafunua kalenda. Nyuma yake, ukutani, kwa kalamu nzito: kaributena. Barua pepe aliyotumia ilikuwa ya duka: mamaprintahatarisana.

"Umeniombea kazi ya uuguzi kwa jina la Mama Printa Hatari Sana," binti akasema.

"Lilikuwa la biashara, mwanangu."

Ukurasa ukafunguka. Kwanza picha. Alikuwa amevaa miwani ya jua na mdomo umejaa keki.

"Hii si ya harusi ya binamu?"

"Ndiyo uliyopendeza," nikasema.

Akafungua barua ya maombi. Akasoma kwa sauti, na kila neno lilikuwa tofali kichwani kwangu. "Kwa Meneja, Kiwanda cha Sabuni. Ninaomba nafasi ya udereva wa lori..."

Mama Printa akaziba uso. "Ni ile barua ninayowatolea wote. Huwa nabadilisha juu. Siku ile baba yako alikuwa ananiharakisha!"

"Hata juu hukubadilisha."

Leseni iliyokwisha muda ilikuwa pale pale, imeskaniwa kichwa chini miguu juu. Na chini yake, sehemu ya uzoefu. Hapo binti akasimamisha kidole. Nikasogea nione. Palikuwa na neno moja.

Hana.

"Baba." Macho yake yalikuwa yameshajaa. "Uzoefu wa kazi: hana?"

"Aliniuliza unafanya kazi wapi. Nikasema huna kazi tangu umalize chuo."

"Miaka mitatu ya zahanati ni nini?"

"Kazi isiyo na mshahara ningeiitaje?"

"Nimezalisha akina mama mia mbili na kumi na wanne! Kila mmoja yumo kwenye daftari, na mganga mkuu wa zahanati amesaini! Ndicho kitu cha kwanza wanachokitafuta hawa watu, baba! Wewe umeandika hana!"

Miaka yote mitatu nilikuwa namwona anatoka asubuhi na kurudi jioni miguu imevimba, nami nasema moyoni, mwanangu hana kazi. Wakubwa ndio walionifundisha kuhesabu hivyo. Lakini aliyesema mbele ya Mama Printa ni mimi, kwa mdomo wangu.

Akashusha ukurasa. Sehemu ya mwisho: mdhamini, mtu anayemfahamu mwombaji vizuri na anayeweza kupigiwa simu.

Akasoma jina.

Akasoma mara ya pili bila sauti, midomo ikicheza tu.

"Hili ni jina la mama."

"Nani anakufahamu kuliko yeye?" nikasema.

"Mama amekufa!"

"Eh!" Mama Printa akaruka. Yeye alihamia mtaa huu mwaka juzi. Mke wangu hakumwona hata siku moja. "Mzee Plasta! Mimi nilikuuliza mdhamini anafanya kazi wapi, ukaniambia hospitali hiyohiyo, wodi namba nne! Nikajua ni nesi mwenzake!"

"Ndiko nilikomwacha," nikasema.

Nisingeweza kueleza zaidi ya hapo, hata leo siwezi. Mama Printa aliponiuliza yuko wapi, jibu lilitoka lenyewe. Kaburi nalijua lilipo. Lakini mtu nilimwacha wodi namba nne.

Binti akanyoosha kidole kwenye mstari mdogo chini kabisa. "Someni hapa. Mama Printa, msomee." Mama Printa akasoma kwa sauti: "Atakayetoa taarifa za uongo atafutwa, atafungiwa kuomba tena, na taarifa zake zitapelekwa baraza la wauguzi."

"Wakipeleka baraza, wananinyang'anya leseni," binti akasema. "Hata zahanati sitaingia. Nitakuwa nesi wa kuchekwa tu."

Akainama, akalia. Si kilio cha sauti. Mabega tu.

Saa nane na dakika arobaini.

* * *

"Kuna kitufe hapa," Mama Printa akasema ghafla. "Ondoa ombi. Mbona kiko hai?"

Binti akafuta uso kwa kiganja. Akasoma. Kweli, kabla ya saa kumi mtu anaweza kuondoa ombi lake na kutuma jipya. Na jipya alikuwa nalo tayari! Wiki mbili alikuwa analiandaa kila akitoka zahanati. Leseni mpya ilifika asubuhi ileile. Barua aliiandikia hospitali hii na nafasi hii, si kiwanda cha sabuni. Wadhamini watatu, wote wazima, wote kawaomba ruhusa kwa mdomo kabla ya kuandika majina yao.

Akabonyeza.

"Namba ya uthibitisho itatumwa kwenye simu uliyosajili. Itatumika kwa dakika kumi tu."

"Simu ipi?" binti akauliza. "Baba, uliwapa namba yako?"

"Yangu siijui kwa kichwa."

"Uliwapa ipi?"

Kwenye kioo ziliandikwa nyota nyingi na tarakimu mbili za mwisho. Nne na moja.

Alizitambua. Mtoto hasahau namba aliyofundishwa kuisema akipotea.

"Simu ya mama ilipotea hospitalini. Wewe ndiye uliyeniambia. Nilikwenda kuiulizia mochwari, baba, nikafukuzwa na mlinzi!"

Nikavuta kamba shingoni. Mwishoni paliningʼinia ufunguo mdogo. Binti huuona kila siku na hudhani ni wa sanduku la vifaa vya kazi.

"Iko kabatini," nikasema.

* * *

Kutoka dukani hadi kwangu ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye magoti. Mimi magoti niliyaacha juu ya majengo ya watu. Binti alinishika mkono, akanivuta kama mkokoteni. Fundi viatu wa kona akapiga kelele, "Nesi Bila Wodi, huyo mgonjwa unampeleka wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Nikafungua kabati. Chini ya koti langu la harusi, ndani ya kitambaa cha kichwa cha kijani, ilikuwepo. Simu ndogo ya vitufe. Kila Jumapili naichaji, na vocha naitia laini isije ikafungwa. Mwaka wa sita huu.

"Kwa nini?" binti akauliza.

Nikamwonyesha. Nikaenda kwenye ujumbe uliotumwa, wa mwisho kabisa, nikampa.

"Njoo. Hapa hakuna mtu."

Alikuwa kaniandikia mimi. Saa sita mchana, siku ile. Mimi nilikuwa juu, napiga plasta ofisi mpya za wakubwa wa hospitali ileile, simu yangu imo kwenye koti, koti liko chini. Niliusoma saa kumi, kwenye simu iliyokwisha kufa zamani. Nilivuka uwanja mmoja tu, uwanja mmoja! Nikafika amekwisha funikwa.

Ndiyo maana nawachukia wakubwa. Ofisi walijenga, nesi hawakuajiri. Na ndiyo maana silali. Kuta zile nilizilainisha kwa mikono hii.

Binti aliusoma ujumbe. Akauweka mkono wake juu ya wangu, mara moja tu, akauondoa.

"Baba, hapa kuna kitu kingine," akasema. "Umepigiwa. Mara nne, wiki hii. Namba ya mezani."

"Nani atampigia marehemu?"

"Sijui. Twende."

Saa tisa na dakika kumi.

* * *

Tuliingia dukani mimi nikihema kama mvukuto. Mama Printa alikuwa amefukuza wateja wote na kufunga nusu ya mlango. Binti akabonyeza tena. Ondoa ombi. Tuma namba.

Tukaitazama simu. Ikakaa kimya.

Dakika moja. Mbili. Nne.

"Mtandao?" nikauliza.

"Mtandao upo." Mama Printa akaichukua, akakodoa macho. "Hii hapa! Imeandika nafasi ya ujumbe imejaa. Haiwezi kupokea. Imejaa matangazo ya kampuni ya simu, miaka sita ya matangazo. Ngoja."

"Futa moja moja," nikasema.

"Moja moja tutamaliza kesho! Dakika zinakufa hizi."

Vidole vya Mama Printa vina kasi, ndiyo kazi yake. Nilisikia vitufe vitatu. Nilipoelewa anachokifanya nilikwisha chelewa.

"Mama Printa, usifute zote!"

"Nimeshafuta. Ujumbe wote. Sasa ni nyeupe, angalia."

Simu ikatetemeka mkononi mwake. Namba sita za uthibitisho. Akashangilia. "Hizi hapa! Mwanangu, andika!"

Binti hakuandika. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilichukua simu. Nikaenda kwenye ujumbe uliotumwa. Hakuna ujumbe. Nikarudi, nikaenda tena, kama mtu anayerudi chumbani mara ya pili kutafuta kitu ambacho amekwisha kujua hakipo. Hakuna ujumbe.

"Nimefanya nini?" Mama Printa akanong'ona.

"Andika namba," nikamwambia binti.

"Baba..."

"Andika, nimesema! Mama yako hatarudi kwa kusomwa. Andika!"

Akaandika, machozi yakidondoka juu ya vitufe. Kioo kikageuka kijani.

"Ombi limeondolewa."

* * *

Saa tisa na dakika ishirini na saba.

Sasa nilimwona mwanangu akifanya kazi, na ndugu zangu, nilijionea haya. Hakukimbia. Alifungua akaunti mpya kwa barua pepe yake, jina lake tu, limepangwa kama lilivyo kwenye cheti. Namba ya simu, yake. Picha, uso mtupu na ukuta mweupe. Vyeti alikuwa amevigawa kila kimoja na jina lake: leseni, diploma, kuzaliwa. Kimoja kikakataa, kizito mno. Akakipunguza bila hata kunung'unika. Penye uzoefu akaandika mistari mitano. Miaka mitatu. Mama mia mbili na kumi na wanne. Akaambatisha daftari.

Saa kumi kasoro kumi.

"Tuma," nikasema.

"Nasoma kwanza."

"Utasomaje na saa inakimbia? Tuma!"

"Baba, umenitumia moja bila kusoma. Hili nasoma."

Mama Printa akasema "Haya, kachapwa," kwa sauti ya chini, nami nilistahili.

Akasoma tangu juu, mstari kwa mstari, kidole kikifuata kwenye kioo. Akakuta mwaka mmoja umekosewa, akaurekebisha. Akashuka hadi chini. Kasoro tano. Kasoro nne. Akapeleka mshale kwenye kitufe cha kutuma.

Na simu ikalia.

Haikuwa yangu. Haikuwa ya Mama Printa. Mlio ule sikuwa nimeusikia kwa miaka sita. Ulitoka mfukoni mwangu.

Namba ya mezani. Ileile.

"Usipokee," binti akasema.

Lakini kidole changu cha gumba kina akili yake. Simu zile za zamani zina sauti kubwa; duka zima lilisikia.

"Halo. Habari za mchana. Naongea na mdhamini wa muuguzi aliyeomba kazi hospitali kwetu?" Sauti ya mwanamke, mtu mzima, ya ofisini. "Nimekupigia wiki nzima, mama. Tunahakiki wadhamini kadiri maombi yanavyoingia. Hapa umeandikwa unafanya kazi kwetu, wodi namba nne. Nimeshuka mwenyewe wodi namba nne. Nimeuliza zamu zote. Hakuna anayekujua."

Hakuna anayekujua.

Nikaibana simu.

"Halo? Mama, upo? Kama jina hili ni la kubuni, naandika taarifa kwa baraza sasa hivi. Na huyo mwombaji asidhani atatuma ombi jingine. Namba ya leseni ni moja, nitaliona."

Binti alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanamwagika, midomo inasema bila sauti: kata, baba, kata. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeganda juu ya kitufe. Akituma sasa, kalituma kwenye moto. Asipotuma, saa kumi inamfungia.

"Unaongea na mume wake," nikasema.

"Mpe simu."

"Siwezi."

"Huwezi kwa sababu gani?"

"Kwa sababu mlimtoa wodi namba nne kwa mlango wa nyuma, kafunikwa shuka, miaka sita iliyopita. Hamumjui kwa sababu hamkumpa hata kitanda. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi alipokufa. Aliyesema aandikwe hivyo ni mimi. Binti yangu hakujua lolote, amejua leo. Kama kuna mtu wa kufungiwa, nifungieni mimi. Mimi ni fundi mwashi, hamna cha kuninyang'anya."

Nilisikia karatasi upande wa pili. Kisha sikusikia hata karatasi.

Saa kumi kasoro mbili.

"Benchi la chini ya dirisha," sauti ikasema. Haikuwa tena sauti ya ofisini. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa chini ghafla. "Alikuwa na kitambaa cha kijani kichwani. Aliniomba maji."

Kitambaa kile sikukitaja. Kilikuwa nyumbani, kabatini, ndani ya giza.

"Umejuaje?"

"Mzee, nakuomba, usikate simu." Alikuwa analia. "Siku ile nilikuwa peke yangu. Wagonjwa sitini na wanne. Nesi wa zamu nilikuwa mimi."

Kidole cha binti yangu kilikuwa bado hewani.

Miaka sita nilimtafuta mwanamke huyo ili nimlaani. Leo amenipigia mwenyewe, na mkononi ameshika faili la mwanangu.